Gari Lisilonguruma

Tabu alikuwa anasuuza sare ya shule ya Farida, vidole vimemchubuka kwa sabuni ya mche, Tekla wa nyumba ya pili alipoingia uani bila hodi. Simu imepigwa dukani kutoka Madale, alisema. Bi Mauwa, mama yake mume wa Tabu, ana homa tangu juzi, hali wala hanywi, na yuko peke yake.

Abdulrahman, mumewe, alikuwa zamu bandarini. Tabu akakamua sare, akaianika, akamshika binti yake mkono wakaenda kwa Marijani, anayekodisha magari pale Mwananyamala. Kuendesha alijua, kabla ya kupunguzwa kazi alikuwaga dereva wa pikapu ya shirika. Lakini magari yote yalikuwa harusini. Limebaki moja tu, geni kutoka Japani, linalotumia petroli na betri kwa pamoja.

"Likisimama linanyamaza," Marijani alimwambia. "Likienda polepole, vilevile kimya. Usidhani limezimika, Mama Farida. Kuna watu wamenirudishia ufunguo wanasema lina mashetani."

"Mie nataka gari tu. Mashetani kaa nayo mwenyewe."

Kwenye taa za Mwenge injini ilikata sauti, akabaki anasikia viganja vyake vikisugua usukani. Taa zilipowaruhusu gari likaondoka bila mlio, na mtu wa mkokoteni aliyekuwa mbele akaja kugeuka bampa imemfikia kisigino. Alimuuliza Tabu kama amekodi jeneza. Farida alicheka sana. Tabu hakucheka, alikwisha kuona kwamba njia nzima hakuna aliyekuwa anampisha.

Walipoiacha barabara kubwa pale Tegeta jua lilikuwa linazama. Kwenye mteremko wa Madale, adhana ya magharibi ikisikika kwa mbali, Tabu aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likateremka kimya, changarawe tu zikilia chini ya matairi. Ndipo likagonga kitu.

Kitu laini, kama furushi la nguo. Kikafuata kilio cha mtoto, kifupi, kikakatika.

Tabu alishuka. Akainama uvunguni, akapapasa nyuma ya matairi, akatazama vichakani huku na huku. Hakuna mtoto, hakuna damu, bampa haina hata mkwaruzo. Ilikuwepo harufu tu, ya udi, na ndani ya udi ule harufu ya maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, nzito na ya uvuguvugu, kana kwamba mtu amesimama karibu naye kifua wazi.

"Mama," Farida alinong'ona kutoka kiti cha mbele. "Mguu wangu hausikii."

Tabu akarudi garini, akafunga milango, akaondoka, na kwa kuwa injini haikuunguruma hakukuwa na kitu cha kuficha sauti ya kiti cha nyuma kikibonyea taratibu kama mtu anavyoketi na mgonjwa mapajani, wala sauti ya mwanamke aliyeanza kubembeleza kwa kuguna bila maneno, akiguna na kulia, akilia na kuguna, karibu na kisogo cha Tabu kiasi cha kuzipeperusha nywele zilizochomoza kwenye mtandio, naye Tabu hakuthubutu kukitazama kioo, alikanyaga mafuta tu na kuomba gari lingurume, lingurume japo kidogo, nalo likateleza gizani kimya vilevile mpaka mlangoni kwa mkwewe.

Bi Mauwa aliwahi kutibu watu wenye majini kabla uzee haujamlaza. Tabu hakuimaliza hata shikamoo. Mgonjwa aliinuka kitandani, akanusa.

"Ulipiga honi mteremkoni?"

"Sikupiga, mama."

"Na hilo gari mbona sikulisikia likija?"

Tabu alipomweleza, bibi alifumba macho. Pale, alisema, wenyewe huwatoa watoto wao kucheza saa ile ile sie tunayowaingiza wetu ndani. Lori wanalisikia tangu juu, wanawavuta pembeni. Hili halikuwapa nafasi hata ya kumwita mtoto.

Akafukiza ubani. Farida, aliyelazwa mkekani, akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Mwanangu amevunjika mguu. Huyu naondoka naye."

Bi Mauwa alianza kusoma, midomo ikimtetemeka kwa homa. Tabu akamwekea mkono begani, akapiga magoti mwenyewe mbele ya bintiye.

"Ukiondoka na huyu, wako atapona?" aliuliza polepole. "Nimemgonga mimi. Nipe mimi nimuuguze. Nitamlisha, nitamwogesha, nitamlaza na wangu. Akisimama, umfuate."

Ubani ukawaka wenyewe mwali mrefu, ukashuka.

"Mpaka atembee wangu," sauti ilisema, "wako hatatembea."

"Nimekubali."

Wakati wa kurudi walipitia zahanati. Bi Mauwa akachomwa sindano ya malaria; nesi akaubinya mguu wa Farida kila mahali, akasema haoni kasoro. Kiti cha nyuma, kando ya bibi, Tabu alikuwa ametandika kanga yake iliyo laini kuliko zote, na kila shimo la barabara alilipita kwa uangalifu.

Abdulrahman aliporudi alikuta ugali na mchicha wa nazi vinapakuliwa. Aliambiwa mama yake amechomwa sindano na Farida mguu umemfa ganzi. Akanawa, akaketi mkekani, akaona sahani ndogo ya ziada, akauliza kuna mgeni gani.

Tabu aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Bi Mauwa ameegemea ukuta, anakunywa uji. Farida amenyoosha mguu. Na katikati ya Farida na baba yake mkeka ulikuwa umebonyea, upana wa mtoto wa miaka mitatu, unapanda na kushuka taratibu. Wote walikuwepo.

"Baba Farida," alisema, akisogeza ile sahani, "sogea kidogo. Unamkalia mguu."