Jino Juu ya Paa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zamda na Yusra walikutana kwenye pampu ya mkono iliyokuwa kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Handeni. Maji ya huko yako chini sana ardhini, na mkono wa pampu ile ulikuwa mzito kuliko nguvu za mtoto mmoja. Kwa hiyo watoto walipampu wawili wawili. Waliushika mkono wa chuma kwa pamoja, wakauinamia mpaka ukashuka, kisha wakauacha upande polepole.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua. Anayetaka kupumzika husema, "Naachia!" Mwenzake hurudisha kichwa nyuma, halafu hujibu, "Achia!" Bila jibu hilo, hakuna kuachia. Chuma kile kikiachiwa ghafla huruka juu kama teke la punda.

Zamda na Yusra walikuwa darasa la tano, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Kwa miaka mitatu walikuwa wamepampu pamoja, na hakuna aliyewahi kuumia.

Asubuhi ile Zamda alikuwa amenuna. Jana yake, madrasani, Ustadhi Muhsin alikuwa amemchagua Yusra aongoze kaswida kwenye Maulidi. Zamda alikuwa akiitamani nafasi hiyo tangu mwaka uliopita.

"Mbona umenuna kama umelamba ndimu?" Yusra alimtania huku wakipampu. "Usijali, utaitikia nyuma yangu. Dufu litaificha hiyo sauti yako ya chura."

Ikram, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni nyuma yao, alicheka kwa sauti. Yusra naye akacheka. Zamda hakucheka. Mkono wa pampu ulikuwa chini kabisa, na uso wa Yusra ulikuwa juu yake. Zamda akaachia.

Chuma kiliruka. Kulisikika mlio mfupi, kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Yusra alianguka chali, damu ikimtoka mdomoni, na kando ya dumu lake likaangukia jino la mbele, refu na jeupe, pamoja na mzizi wake.

"Kuna nini? Kuna nini?" Ikram alipiga kelele. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya dumu lake, hakuona kitu.

"Mkono umemteleza," Zamda alisema haraka. "Umemteleza, chuma kikampiga."

Yusra alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. Kizunguzungu kilikuwa kimemshika, na hakuwa na sababu ya kumshuku rafiki yake. Akatikisa kichwa kukubali.

Zamda aliliokota jino, akamshika Yusra mkono, wakaenda nyumbani. Bibi yake Yusra, Bi Rukaya, alikuwa amekaa mlangoni akichekecha unga. Pembeni yake palikuwa na kopo la maziwa ambalo mama mmoja wa Kimasai alikuwa ametoka kuliacha, kama alivyofanya kila asubuhi.

"Yarabi! Mjukuu wangu!" Bi Rukaya alisimama, unga ukamwagika. Alimsukutua Yusra kwa maji ya chumvi, akamkandamizia kitambaa kwenye fizi. Damu ilipopungua, akalichukua jino, akalisugua kwa chumvi mpaka likang'aa.

"Msilie. Huyu bado mtoto, na meno ya mtoto huota," alisema. "Tutamfanyia kama tulivyofanyiwa sisi. Zamda, wewe ndiye rafiki yake. Lirushe juu ya paa, umwambie mjusi amletee jipya."

Zamda alisimama uani, jino likiwa kiganjani. Lilikuwa bado na uvuguvugu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wiki mbili nyuma, muuguzi aitwaye Yasinta alikuja shuleni kufundisha afya ya kinywa. Siku hiyo Yusra alikuwa Korogwe kwa shangazi yake. Muuguzi aliwaambia kwamba jino la utoto likitoka, limetoka. Lakini jino la ukubwani likingʼoka zima, lishikwe kichwa, sehemu inayoonekana mdomoni, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Litiwe kwenye maziwa, na mtoto akimbizwe hospitali kabla saa moja haijapita, kwani huenda likarudishwa. Akamtaka Zamda arudie mbele ya darasa, na Zamda akarudia bila kukosea hata neno.

Maziwa yalikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Barabarani bodaboda ilipita, ikielekea mjini.

Alifungua mdomo. Kisha akawaza: hospitali watauliza imekuwaje. Watamuuliza Yusra, watamuuliza Ikram, watafika kwangu. Akaufunga mdomo.

"Rusha, mwanangu, unangoja nini?" Bi Rukaya alisema.

"Mjusi, mjusi," Zamda alisema kwa sauti ndogo, "chukua hili, ulete jipya."

Akarusha. Jino liligonga bati mara mbili, kisha kukawa kimya.

Wiki zilipita, na fizi ya Yusra ikapona, lakini hakikuota kitu. Kila asubuhi Bi Rukaya alimwambia afungue mdomo, akachungulia, akasema, "Bado kidogo." Shuleni wavulana walimpa jina. "Mlango Wazi, leo umekula upepo kiasi gani?" Yusra aliacha kucheka, halafu akaacha kusoma kwa sauti darasani. Alipozungumza, alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Madrasani herufi zilimponyoka kwenye pengo, na siku moja, katikati ya kaswida, alinyamaza akaenda kukaa nyuma kabisa.

"Zamda," Ustadhi Muhsin alisema, "njoo wewe uongoze."

Nafasi aliyoitaka ikawa yake. Aliimba beti zote bila kukosea, na kila ubeti ulikuwa mchungu kama shubiri. Walipotoka, Yusra alimsubiri mlangoni.

"Umeimba vizuri," alisema kupitia mtandio. "Ningeshika vizuri siku ile, yasingetokea haya. Mkono wangu mjinga."

Zamda alitangulia njiani.

Miezi miwili ilipopita, Mzee Mdoe, baba yake Yusra, aliuza mbuzi wawili akasema bintiye apelekwe Korogwe, kwenye hospitali yenye daktari wa meno. Bi Rukaya angempeleka. Yusra aliomba kitu kimoja tu: Zamda aende naye.

"Naogopa," alimwambia. "Ukiwepo sitaogopa sana."

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mpole, jina lake Paulina. Alimlaza Yusra kwenye kiti kirefu, akammulika mdomoni kwa taa, akagusa jino moja moja.

"Shikamoo, daktari," Bi Rukaya alisema alipoona kazi imesimama. Kwa wasiwasi, alikuwa amesahau kwamba yeye ndiye mkubwa.

"Marahaba yako wewe, bibi. Shikamoo," Daktari Paulina alijibu akitabasamu.

"Marahaba. Nimesikia kuna kitu kinaitwa daraja. Mnaweka jino jipya, halitoki tena. Mwekee mjukuu wangu hilo."

Daktari alivuta kiti akakaa. "Daraja lipo, bibi. Ni jino la bandia linaloshikwa na meno mawili ya jirani, moja kulia na moja kushoto. Lakini ili meno hayo yalishike, lazima tuyachonge pande zote yawe madogo, kisha tuyavalishe kofia ngumu zilizoungana na hilo jino la bandia."

"Hata kama ni mazima?" Yusra aliuliza.

"Hata kama ni mazima."

"Hata kama hayana kosa?"

"Hata kama hayana kosa, mama." Daktari alimshika bega. "Na kwako wewe bado siwezi. Meno yako ni machanga, mishipa yake iko karibu na nje. Nikiyachonga sasa yanaweza kufa, tukawa tumepoteza matatu badala ya moja. Utasubiri mpaka utimize miaka kumi na minane, pengine zaidi. Kwa sasa nitakutengenezea jino la kuvaa na kuvua. Utaliosha kila siku, na ukikua tutalibadilisha."

Bi Rukaya alihesabu kwa vidole. "Miaka saba," alisema.

"Lile lenyewe lilivunjika au lilitoka zima?" daktari aliuliza.

"Zima. Na mzizi wake."

"Liko wapi?"

"Tulilirusha juu ya paa."

Daktari aliizima ile taa. Kisha akaeleza taratibu, bila kufoka, mambo yale yale aliyoyasema muuguzi shuleni: kushika kichwa, kutosugua, maziwa, kukimbia hospitali. "Siwezi kuapa kwamba lingeshika," alimalizia. "Lakini lingekuwa na nafasi nzuri."

Bi Rukaya alivitazama viganja vyake. "Maziwa yalikuwepo," alisema. "Yalikuwa hapo mlangoni. Nililisugua kwa mikono yangu hii. Mimi ndiye niliyemharibia mjukuu wangu." Akajifunika uso kwa khanga, akalia mbele ya watoto kama mtu aliyefiwa.

Zamda alimtazama bibi yule akilia kwa kosa lisilo lake. Akamsogelea.

"Si wewe, bibi," alisema. "Mimi nilijua habari ya maziwa. Tulifundishwa. Niliogopa kusema kwa sababu… kwa sababu hakuteleza. Mimi ndiye niliyeachia."

Yusra aliinuka kwenye kiti.

"Uliachia kwa makusudi?"

"Nilikasirika. Kwa ajili ya kaswida."

"Na jino ulilirusha unajua?"

Zamda aliinamisha kichwa. Yusra alimtazama kwa muda mrefu. Miezi miwili alikuwa ameulaumu mkono wake mwenyewe. Alishuka, akaenda kusimama upande wa pili wa bibi yake. Kwenye basi la kurudi Handeni alikaa dirishani, na hakugeuka mpaka waliposhuka.

Siku ya pili yake Zamda alikwenda kwa Ustadhi Muhsin, akamweleza yote, akairudisha nafasi. Nyumbani mama yake alimwadhibu, akalia kwa aibu kuliko Zamda mwenyewe. Baada ya wiki tatu Yusra alipata jino lake la kuvaa. Kwenye Maulidi aliongoza kaswida akiwa amesimama wima, mtandio ukiwa shingoni mwake. Sauti yake ilipiga mluzi kidogo kwenye herufi mbili tatu, lakini hakunyamaza. Zamda aliitikia nyuma.

Jioni hiyo Zamda alikwenda kwa Bi Rukaya, akapiga magoti na kuomba radhi. Yusra alikuwa ndani. Kwenye dirisha, jino lake lilikuwa limelala ndani ya kikombe cha maji.

"Radhi yangu nimekupa," Bi Rukaya alisema. "Ya mjukuu wangu ataitoa yeye, siku atakayoweza, na usimharakishe. Lakini sikia, mwanangu. Mimi nilikosa kwa kutojua, na sasa nimejua. Wewe ulijua. Hasira ndiyo iliyong'oa lile jino, lakini kunyamaza kwako ndiko kulikolitupa. Ungesema asubuhi ile ile, ningekuchapa viboko, na jioni mngekula sahani moja. Sasa tazama. Mwenzako atasubiri miaka saba, na hata hiyo ikifika, meno mawili yasiyo na kosa yatachongwa. Ukweli unaochelewa huwaumiza na wale ambao hawakuwepo."

Tangu siku hiyo Yusra alipampu na Ikram. Lakini asubuhi moja Ikram alikuwa na homa, na pale pampuni walikuwepo Yusra na Zamda tu. Yusra aliweka dumu lake bila salamu. Waliushika mkono wa chuma, wakapampu mpaka dumu likajaa.

"Naachia," Zamda alisema.

Yusra hakujibu upesi. Alirudisha kichwa nyuma, mbali kabisa, akafunga mdomo wake imara.

"Achia," alisema.

Zamda aliendelea kuushika mkono wa pampu, akauacha upande taratibu, na hata ulipofika juu hakuuachia mpaka Yusra alipojitwika dumu lake na kuondoka.