Yusta Yuko Kwenye Buti

Kila Jumamosi asubuhi, Violeth na bibi yake hufunga magunia mawili ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, kisha husimama barabarani Nkololo kusubiri gari la kwenda sokoni Bariadi. Jumamosi hiyo walikuwa watatu. Yusta, mdogo wake Violeth mwenye miaka sita, alikuwa amelilia safari tangu jana yake mpaka bibi akachoka kumkatalia.

Gari lililokuja lilikuwa la Masele. Lilikuwa mchomoko, yaani gari dogo la watu watano linalobeba abiria vijijini, lakini Masele alilipakia kwa hesabu zake mwenyewe. Hata hivyo watu walimpenda. Bibi alipougua ghafla masika yaliyopita, ni Masele aliyemkimbiza hospitali.

"Mwangaluka, mayu!" alimwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, Masele. Leo tuko watatu."

"Hakuna shida. Huyu mdogo atakaa nyuma na magunia."

Bibi mwenyewe alimnyanyua Yusta akamweka kwenye buti. Magunia yalipangwa mbele yake mpaka karibu na paa. Yusta alifurahi sana, akaanza kuimba nyimbo za darasa la kwanza. Ndani ya gari walikaa watu wanane, magoti yakigombania nafasi.

Karibu na kuingia mjini gari liliruka kwenye tuta, na magunia yakatikisika. Hapo Violeth aligundua kwamba wimbo umekatika.

"Yusta!" aliita. Kimya.

"Amelala," bibi alisema. "Tangu alfajiri yuko macho."

Masele akasimamisha gari. Mbele, baada ya kona, kulikuwa na askari wa usalama barabarani, na abiria wa njia hiyo walijua la kufanya. Watatu walishuka bila kuambiwa mara mbili, wakatembea na mizigo yao kama wanaokwenda shambani. Wangepandishwa tena gari likishampita askari.

"Na Yusta je?" Violeth aliuliza.

"Huyo haonekani," Masele alijibu, akitupia turubai juu ya magunia. "Ukiulizwa, tuko watano. Sawa, binti?"

Violeth aligeuka kuyatazama magunia.

Askari aliyewasimamisha aliitwa Sia, mgeni aliyehamishiwa mkoani humo kutoka Kilimanjaro. Alichungulia ndani kwa upole.

"Shikamoo, mama. Mko wangapi?"

"Marahaba, mwanangu. Watano tu," bibi alisema.

"Nyuma kuna nini?"

"Michembe, afande," Masele alidakia.

Sia alihesabu vichwa, akarudisha leseni. "Haya, safari njema."

Violeth alimtazama Masele, mtu aliyemwokoa bibi yake. Alimtazama bibi, aliyemfundisha kwamba mtoto hapingi maneno ya wakubwa. Kisha akasikiliza nyuma yake. Hapakuwa na sauti yoyote.

"Afande, subiri!" alipiga kelele. "Mdogo wangu yuko kwenye buti!"

Bibi alimfinya mkono. Lakini Sia alishakimbilia nyuma na kufungua mlango. Gunia moja lilikuwa limemwangukia Yusta kifuani, na turubai limemfunika uso. Alikuwa amelowa jasho, midomo imepauka, hana nguvu hata ya kulia. Sia alimtoa, akamlaza kivulini, akamlegeza nguo na kumpepea kwa kofia yake. Kwa muda uliowaumiza wote, Yusta hakutikisika. Kisha akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaangua kilio. Hakuna aliyewahi kukifurahia kilio kiasi kile.

Masele alikaa chini. "Mayu, nisamehe. Nilimfungia mtoto mimi mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyemnyanyua," bibi alisema huku akilia. "Na nikadanganya."

Sia alimwandikia Masele makosa yake, akapakua magunia yote barabarani, akaagiza gari lingine limpeleke Yusta zahanati. Mganga alimpima, akasema angepona, ila dakika chache zaidi zingekuwa nyingi mno.

Violeth alisimama mlangoni mwa zahanati, akiogopa kuingia. "Bibi, umenikasirikia?"

Bibi alimvuta karibu, akaushika mkono ule aliokuwa ameufinya. Alama ya kucha ilikuwa bado inaonekana.

"Tulizoea kuwakwepa askari, tukajiona wajanja," alisema. "Kumbe tuliyekuwa tunamficha ni mtoto wetu, na askari alikuwa anamtafuta kwa niaba yetu. Waheshimu wakubwa, mjukuu wangu. Lakini ukiona wanaweka maisha ya mtu hatarini, sema. Sema hata kama mkubwa huyo ni mimi."