Kila Kitabu Kina Mwenyewe

Zamda alicheka kabla ya mahali pa kucheka.

Mama yake, Mwanaharusi, alikuwa amekaa uani kwake pale Mkongo, anawasomea majirani kisa cha tajiri bahili na punda wake, na punda bado hajafungua kinywa. Kitabu kilikuwa cha jirani yao Mwajabu, kilitoka sandukuni mchana ule ule. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili waligeuka kumtazama yule binti, wakadhani amekumbuka jambo lake. Ukurasa uliofuata punda akasema neno lake, ua mzima ukaangua kicheko, na Zamda peke yake akakaa kimya, macho mazito, kama mtu aliyekwisha kushiba.

Mwanaharusi hakupendezwa. Lakini mwaka ule ungeanza kuhesabu yasiyopendeza ungekesha. Wanaume walikwenda Ngarambe wakanywa maji waliyoambiwa yatazishinda risasi za Wadachi, na waliorudi ni wachache, tena wamejificha msituni. Kila asubuhi moshi ulionekana upande wa Ngorongo, na kila mtu alijua ule si moshi wa kupikia. Mkongo walibaki wanawake na wazee, na hofu yao waliitibu kwa vitabu. Kila alasiri walikusanyika kwa Mwanaharusi, kwa sababu waliojua kusoma walikwenda na vita, na yeye ndiye aliyebaki. Marehemu mumewe, Mwinjuma, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha herufi zote kwa subira.

Basi ukipita njiani wakati huo ungesikia watu wanaulizana habari za vitabu kama wengine wanavyoulizana habari za mboga. Mnasoma nini siku hizi? Tumo katika kisa cha punda. Ah, mkimaliza chukueni cha kwetu, marehemu baba alikuwa akitusomea, mtalia mpaka mkome. Kila nyumba ilivuta sifa kwake. Hapakuwa na ubaya wowote katika majivuno hayo, na ndiyo maana hakuna aliyejihadhari.

Mwanaharusi alikuwa na adabu moja aliyoachiwa na mumewe: kabla ya kisa alisoma kwa sauti mstari wa mwenye kitabu, ule unaoandikwa mwanzoni. Kitabu hiki ni milki ya Mwajabu binti Mfaume. Aliona kusoma kitabu cha mtu bila kumtaja ni sawa na kula kwake bila kushukuru. Siku ile ya punda, alipoutaja mstari huo, aliona midomo ya Zamda ikilirudia jina polepole, silabi kwa silabi.

Kesho yake Mwajabu alikutwa amekaa mlangoni pake, amekufa, hana jeraha. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamejaa matope ya mto, mabichi, yananuka.

Watu walisema ni askari. Wengine walisema ni njaa, mtu akishikwa na njaa hujifanyia mambo. Walimzika haraka, na Mwanaharusi aliporudi nyumbani alimkuta Zamda amelala chali mkekani, ngozi ya baridi, na chumba kizima kinanuka udi na matope pamoja, na nyumba ile haikuwa na udi tangu msiba wa mumewe. Alimwita. Kinywa cha binti kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kizee, ya upole sana, sauti ya mgeni anayejua adabu.

"Nisomee."

Mwanaharusi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akaanza kusoma aya za kufukuza uovu, zote alizozijua, na ile sauti ikazisoma pamoja naye, taratibu, na pale alipokosea kwa woga ikamsahihisha. Hapo ndipo alipoogopa hasa. Jini lililo kafiri hukimbia likisikia maneno hayo, lakini hili lilikuwa limesoma kuliko yeye.

Alilisihi liseme linataka nini. Likamwambia bila kinyongo. Lilikuwa likikaa kwenye kona ya mto, pale wanafunzi wa Mwinjuma walipooshea mbao zao za kuandikia, na miaka yote lilikunywa yale maji yenye maneno. Sasa mto umejaa maiti, maji ni damu tupu, na chuo kimefungwa. Zamda alipokwenda kuteka maji saa ya jua kali, likapanda. Halijui kusoma, linajua kusikiliza tu. Likisomewa litamwacha binti apumue. Lisiposomewa, basi.

Mama gani angefanya vingine? Alitoka mbio akaenda kwa jirani yake Fatu, akauliza kwa sauti ya kujikaza kama wana kitabu kizuri. Fatu alifurahi kuulizwa. Alitoa kitabu cha ndoto na tafsiri zake, akakisifu sana, akasema ukikianza hukiachi. Na kweli, tangu mstari wa kwanza uso wa Zamda ulirudiwa na rangi, vidole vikapata joto, na jioni ile akanywa uji na kumwita mama yake kwa sauti yake mwenyewe. Mwanaharusi alilia kwa furaha.

Asubuhi wakamkuta Fatu kisimani, ameketi, masikio yamejaa matope.

Siku hiyo Mwanaharusi alielewa, na alipoelewa alikaa chini vumbini palepale kisimani mbele za watu. Ni yeye aliyewapeleka. Yeye ndiye aliyeketi nyumbani kwake akalitajia jini jina la Mwajabu na jina la baba yake, kisha la Fatu na la baba yake, kwa matamshi safi, kwa adabu, kama anayemwonyesha mgeni mlango wa kuingilia. Aliapa hatafungua kitabu tena. Akarudi ndani akafunga mlango, akamkumbatia binti yake, na kadiri jua lilivyokwenda kuelekea alasiri ndivyo mwili wa Zamda ulivyozidi kupoa mikononi mwake, pumzi zikaachana, kila moja ikija kwa kuchelewa kuliko iliyotangulia, na katikati ya pumzi na pumzi ile sauti ya upole ikawa inasema nisomee, nisomee, bila hasira, kama anayengoja zamu yake.

Ndipo mtu alipobisha. Alikuwa Mzee Dadi, mjane, mwenye moyo mweupe kijiji kizima, na kwapani amebeba kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Alisema amesikia mtoto anaumwa na amesikia kusoma kunamfaa, basi amemletea kitabu kizuri kuliko vyote vilivyopita hapo, kina bahari, kina mfalme, kina ndege asemaye. Hakungoja kukaribishwa. Aliketi mkekani akanyoosha miguu, tayari kusikiliza.

Mwanaharusi alikuwa amfukuze. Ulimi ulikwisha kuinuka. Lakini pumzi ya Zamda ilikatika, na safari hii haikurudi, macho yakageuka yakabaki meupe, na mikono ya mama ikafungua kitambaa kabla akili haijaamua. Aliuona mstari wa mwenye kitabu, wino mwekundu. Akauruka, akaanza na bahari.

"Umeruka," ile sauti ilisema. "Kila kitabu kina mwenyewe. Hiki cha nani?"

Mzee Dadi aliduwaa, akamtazama binti, akamtazama mama. Mwanaharusi aliusoma ule mstari kwa macho tu, milki ya Dadi bin Shaabani, na jasho likamtiririka mpaka kwenye karatasi, kwa sababu Zamda alikuwa anageuka rangi mbele yake na yule mzee alikuwa ameketi pale na miguu yake iliyochoka, hajui lolote, amekuja kwa wema. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo akiwa ameshika kitabu.

"Kitabu hiki," alisoma, "ni milki ya Mwanaharusi binti Mtoro."

"Mwanangu," alisema Mzee Dadi, "macho yamekupotea, hicho ni cha..."

Alimshika mkono kwa nguvu hata mzee akanyamaza. "Baba, kitabu hiki si umenipa? Sema umenipa. Tafadhali, baba."

Mzee Dadi aliuinamia uso wake. Hakuelewa, lakini aliona machozi. "Haya," alisema. "Nimekupa. Ni chako."

Zamda akavuta pumzi.

Mwanaharusi alisoma mpaka jua likakaribia kuzama, bahari na mfalme na ndege, hakuacha neno. Alipomaliza alimsindikiza mzee mpaka njiani, akamtazama anavyokwenda salama, na moyo wake ukawa mwepesi kwa namna ya ajabu. Alikuwa amepiga hesabu yake. Akifa yeye, Mkongo hakuna tena ajuaye kusoma. Zamda hakufundishwa, kila mwaka mama alisema baada ya mavuno, na kila mwaka mavuno yalikuja na kazi zake. Kuchelewa huko, kulikomtia aibu siku zote, sasa kulikuwa ndiko kutakakomwokoa mtoto. Jini litakosa wa kulisomea, nalo litajiendea. Alimkuta binti amekaa jikoni anakula muhogo, anauliza kama kuna chumvi. Akambusu kichwani, akaketi kwenye kizingiti kungoja.

Lilikuja kabla ya adhana. Kwanza udi, kisha matope, kisha baridi masikioni, ikijaa polepole, ikizifukuza sauti za nje, vyura, kuku wanaoingia bandani, mpaka dunia yote ikawa mbali. Alifumba macho akatamka shahada. Lakini mauti hayakuja. Lile jambo lilitembea ndani yake kama mtu aliyeingia nyumba mpya akifungua milango, na kwa Mwajabu na Fatu lilikuwa limefungua likakuta giza, wala haikuwepo hata herufi moja, ndiyo maana likawaacha vile. Ila hapa lilikuta herufi zote zimepangwa, alifu mpaka ye, pamoja na subira ya Mwinjuma ya kuzifundisha, na alipoisikia furaha ya lile jini, Mwanaharusi alitaka kupiga kelele na hakukuta kinywa.

Kinywa kilikuwa kinatumika. Kwa mbali sana alisikia sauti yake mwenyewe, sauti nzuri, ya mama.

"Zamda, mwanangu. Njoo nikufundishe kusoma, upate kunisomea."

Akaona kidole chake kikichora alifu vumbini. Zamda aliweka muhogo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja mbio anacheka kwa furaha, akaketi karibu kabisa na mama yake.