Shabaha ya Babu Orrin

Kila Jumapili wakitoka kanisani, pale kwao Harlan Creek, Iowa, Marekani, Maren na Babu Orrin walicheza besiboli ya mezani kwa kadi za wachezaji na dadu. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wa kulia wa Babu, lakini dadu alizirusha kwa wa kushoto, tena kwa mbwembwe.

Ujanani Babu alikuwa mrushaji wa timu ya mji. Basi Maren, msichana wa miaka kumi na miwili, akamtengenezea kadi yake mwenyewe kutoka kwenye daftari kuukuu la mechi zake. Shabaha ya mrushaji hupimwa kwa besi za bure alizowapa wapigaji, yaani mara alizorusha ovyo mpaka mpigaji akaruhusiwa kutembea hadi besi, kituo cha kwanza, bila kupiga mpira: zikiwa nyingi, alama inashuka. Mezani, jumla ya dadu mbili ikizidi alama hiyo, mpigaji anakwenda besi bila jasho. Hesabu ilimpa Babu nane. Maren akaandika kumi na moja.

Babu akashinda mechi tano mfululizo. Ajabu ni kwamba kila akishinda alizidi kunyamaza.

"Maren, huyu ni nani?" akauliza Jumapili ya sita, ameinua kadi.

"Ni wewe, Babu. Nani tena?"

"Mimi? Wee! Mimi niligawa besi za bure kama peremende. Marehemu bibi yako alikuwa anafumba macho kila nikirusha!"

Machozi yakamlengalenga Maren. "Hesabu ilitoka nane, Babu. Niliongeza. Tangu uugue hucheki, nikataka ushinde."

Babu akamvuta kwa mkono wake mzima. "Najua, mama. Lakini huyu anayeshinda simfahamu. Mkono wangu ndio umekwisha, nimebaki na zile mechi zangu tu. Ukizibadilisha, nabaki na nini?"

Maren akafuta, akaandika nane, wakaanza upya. Zamu ya mwisho ikawakuta sare, wakimbiaji wa Maren wamejaa besi zote. Babu akarusha dadu. Kumi! Besi ya bure. Mkimbiaji wa Maren wa mbele akasukumwa hadi besi ya nyumbani, akapata pointi ya ushindi, na Babu akashindwa.

Maren hakuthubutu kumtazama. Mara akasikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu Babu alipougua.

"Huyo ndiye Orrin!" Babu akapiga meza. "Bibi yako angenicheka mpaka nyumbani!"

Kisha akafuta macho. "Sikiliza, mjukuu wangu. Hata uongo wa huruma unamwibia mtu. Ukinipenda, niandike kama nilivyo."

"Nimekuelewa, Babu," akasema Maren, akamkumbatia.