Mwizi Aliyeifunika Injini

Komeo la stoo lililia "ti", mara moja tu, saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Bibi alikuwa macho. Alitazama saa ya mezani, akajiambia kwamba mjukuu wake ameshindwa kusubiri kukuche. Chumba cha pili mjukuu naye alilisikia, akajiambia Bibi ameenda kuchukua makaa. Kila mmoja akamwachia mwenzake kelele ile, akajigeuzia ukutani.

Saa kumi na mbili na robo walikutana jikoni, na ndipo walipogundua kwamba hakuna kati yao aliyeingia stooni.

Pikipiki ilikuwa palepale ilipolala. Ilikuwa pikipiki ya njia mbovu, ndefu, ya matairi yenye meno, mali ya marehemu babu. Ilisimama pale miaka ishirini na miwili, mpaka mjukuu alipoanza kuifufua kila Jumamosi. Sasa, ubavuni mwa injini, palikuwa na pengo. Kabureta haikuwepo.

Mjukuu alikaa sakafuni. Alikuwa daktari wa mifugo, na Jumatatu alikuwa anaanza kazi kwenye mashamba ya milimani, ambako gari halifiki. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Kabureta ya aina hii haipatikani tena, Bibi. Bila hiyo, ni chuma tu."

"Inuka kwenye baridi, mke mwenzangu. Na usiguse kitu."

Bibi alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini, na desturi yake ilikuwa kuigeuza nguo ndani nje kabla ya kuisifu. Alivaa miwani, akainama.

Koki ya tangi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo sakafu haikuwa na hata tone la petroli. Bolti mbili zilizoshika kabureta zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake ili zisipotee. Mdomo wa injini, pale kabureta ilipokaa, ulikuwa umezibwa kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri, vumbi lisiingie. Kisha akaona bolti ya nyuma ya tangi imekazwa kwa vidole tu. Chini ya tangi, kwenye shingo ya fremu, rangi ilikuwa imekwanguliwa upana wa ukucha, na chuma kinang'aa.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu?" Bibi aliuliza.

Alikichomoa kitambaa. Kilikuwa kipande cha mkono wa shati la kazi, pamba tupu, rangi ya udongo, kimejaa matundu madogo kama punje za ulezi.

"Nondo wamekila," mjukuu alisema.

Bibi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa tundu moja. Ulikuwa mgumu. Alikikunja kitambaa akakitia mfukoni.

"Jana jioni ilipokohoa kwa mara ya kwanza," alisema, "nani alikuwepo?"

"Watu watatu. Yule muuza pikipiki, Baba, na Babu Mdogo."

"Walisema nini? Maneno yenyewe."

"Muuzaji aliuliza kama kweli itawaka. Baba aliuliza itawaka lini. Babu Mdogo alifurahi, akaipapasa. Akaniuliza nani ataipanda. Nikamwambia ni mimi, milimani. Akasema amechoka, akaondoka."

Saa mbili asubuhi walikuwa kwa muuza pikipiki zilizotumika. Watu walimwita Tabasamu kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona lake. Alikuwa na sigara mdomoni na kitambaa mkononi, anafuta pikipiki nyekundu ambayo mjukuu aliikataa miezi mitatu iliyopita.

"Umerudi," alimwambia mjukuu. "Nilikwambia nini? Ya mkononi unapanda siku hiyohiyo. Lile lenu ni kaburi la matairi mawili."

"Na mimi nilikwambia, ya mkononi unanunua na siri za mwenyewe."

"Jana usiku ulilala wapi, mwanangu?" Bibi aliuliza kwa upole.

Tabasamu aliitoa sigara. "Bi mkubwa, unanishuku mimi? Nimekesha hospitali na mke wangu. Amejifungua saa tisa usiku. Waulize wauguzi, niliwasumbua mpaka kukakucha ndipo wakanifukuza."

"Mtoto gani?"

"Wa kike." Na hapo, kwa kidogo sana, mdomo wake ulisogea pembeni.

"Hongera, baba. Nitamshonea kofia." Bibi alimwomba aweke sigara yake juu ya kitambaa alichokuwa akifutia. Tundu lilitoka kubwa kama dengu. Bibi alilitazama, akatikisa kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Bi mkubwa," Tabasamu alisema. "Tafuta nyumbani."

Saa nne walimkuta baba wa mjukuu mlangoni mwa kiwanda cha mikate, anapangusa unga kwenye nyusi. Mwaka mzima alikuwa amepinga binti yake kupanda pikipiki.

"Mama, nilitamani kuitupa. Hilo sikatai. Lakini naingia kazini saa nane usiku, na tanuri haliachwi. Tena tazama mikono hii. Ningegusa kitu, mngeona unga mpaka kwenye taa."

"Najua, mwanangu. Nimekuja ili mwanao akusikie ukisema."

Baba alimtazama binti yake. "Ulivyoiwasha jana," alisema, "nilimkumbuka mzee akigeuka pale kona. Nilikuwa nakimbia kumfungulia geti." Akarudi ndani haraka kuuangalia mkate wake.

Njiani Bibi alikitoa tena kitambaa mfukoni. Kisha akasema, "Nondo hali pamba. Anakula sufu. Miaka arobaini nimewaambia wateja hivyo."

"Kwa hiyo matundu ni ya nini?"

"Twende kwa Shemeji."

Yule ambaye mjukuu alimwita Babu Mdogo hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, mchomeleaji wa mageti na madirisha, na Bibi alimwita shemeji kwa sababu hakukuwa na neno jingine la kumtosha. Saa nane mchana walimkuta karakanani, amekaa kwenye kisanduku, mashine imezimwa. Aliwaona, akainuka, akakosa pa kuweka mikono.

Bibi aliweka kitambaa mezani.

"Aliyeiba ili auze asingejali vumbi," alisema. "Aliyeiba ili aharibu angetia mchanga. Huyu aliifunika injini kama mtu anavyomfunika mtoto. Sasa kwa nini anayeipenda hivyo aizuie isiwake? Nimejiuliza tangu asubuhi. Matundu haya yameungua, Shemeji, na ni madogo mno kwa sigara. Ni cheche. Shati lenyewe nimelishona mimi."

Mzee alikigusa kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Na jana wenzako wawili waliuliza habari za kuwaka. Wewe peke yako uliuliza nani ataipanda."

Mzee alivuta droo. Kabureta ilikuwa ndani ya gazeti, imesafishwa hadi inameta. Aliisukuma mbele ya mjukuu.

"Nilidhani unaifufua kwa kumbukumbu tu," alimwambia. "Ikae sebuleni, watu waitazame. Uliposema milimani, sikulala. Nilirudi alfajiri, nikainua tangi, nikakwangua rangi. Shingo ina ufa. Ungeshuka mlima mmoja, wa pili usingeufika."

"Ufa umetoka wapi?" mjukuu aliuliza.

"Kwangu. Babu yako alisafiri, nikaiazima bila ruhusa. Nikaiangusha korongoni. Nikaichomelea kwa haraka kabla hajarudi, nikapaka rangi juu. Kiungo kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na nikakitia kwenye kitu cha rafiki yangu."

"Ungeniambia jana tu, Babu. Ungesema tu." Mjukuu aliivuta kabureta kwake.

"Neno likikaa miaka ishirini na miwili linashika kutu. Nilijaribu kulifungua pale mlangoni, likagoma. Nikaona afadhali niitwe mwizi."

Bibi alivuta kiti akakaa. Alikuwa anatazama mbali, kule ambako wazee hutazama.

"Aliporudi safari ile," alisema, "mwezi haukwisha akaiegesha. Akaniambia goti linamuuma, hawezi tena kupanda. Nami nikamkanda goti. Lakini mtu yule alikuwa akiifuta pikipiki yake kila Ijumaa, Shemeji, kila pembe, kwa mswaki. Na goti hilohilo alilichezea dansi kwenye harusi ya mwanetu wa mwisho mpaka wapiga ngoma wakaomba maji."

Mzee aliinua uso polepole. "Unataka kusema alijua?"

"Alijua. Akaona heri goti limuume kuliko wewe uumbuke."

Mzee alivua miwani yake ya kazi, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hakuna aliyemharakisha.

Mjukuu aliifunga tena kabureta kwenye gazeti. "Shingo inaweza kutengenezwa?"

"Kukatwa na kuwekwa mpya. Safari hii taratibu, mbele yako, na utakagua kila kiungo. Lakini si kwa Jumatatu."

"Basi Jumatatu nitapanda ile nyekundu ya Tabasamu. Kesho utakuja kuitazama fremu yake kabla sijaichukua. Inua tangi, kwangua rangi, ukipata kitu useme palepale."

"Nitasema," mzee aliahidi. "Nitasema mpaka Tabasamu anichukie."

"Na ya marehemu nitakuletea Jumamosi," Bibi alisema. Aliinuka kwa kushika meza. "Haina haraka. Nataka tu kuisikia ikigeuka pale kona, siku yoyote Mungu atakayoipenda."

Saa kumi jioni mzee aliwasindikiza mpaka barabarani. Mjukuu alitangulia na kabureta yake kwapani. Mzee alisimama, anazungusha kofia mikononi.

"Shemeji, tangu tumzike hujakanyaga hapa."

"Hukunikaribisha."

"Niliogopa ungeniuliza habari zake." Aliivaa kofia, akaivua tena. "Sasa njoo uniulize. Njoo wiki ijayo, njoo na nyingine, hata kama hakuna kilichoibiwa."