Nabila na Bomba la Mashine ya Kahawa

Haya, kitegue kitendawili hiki: hana jino hata moja, lakini anatafuna chuma usiku na mchana, na anayemlisha ni mwenye chuma mwenyewe. Nani huyo? Usinipe mji bado. Twende kwanza Bwera, mji wa mpakani, nyumbani kwa Nabila.

Nabila alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Asmah, aliongoza kikundi cha akina mama wenye mashine moja ya kumenya kahawa. Kila Ijumaa jioni Nabila alikuwa na kazi yake: kumwaga maji ya tangi, kusugua ndani ya bomba la chuma kwa brashi ya mpini mrefu, kusuuza, kisha kuliacha likauke. Lakini tangu msimu uliopita alikuwa akimwaga dawa ya klorini kidogo juu ya ute ulioganda bombani na kukimbilia mpira wa pete. "Ni ute wa kahawa tu," alijiambia. Mtoto aliyekulia kwenye kahawa haogopi utelezi.

Jumamosi moja akina mama walileta magunia ishirini ya kahawa mbivu. Kahawa ikishachumwa haingoji mtu. Isipomenywa siku ileile, inachacha, na jasho la msimu mzima linapotea. Mashine ikawashwa. Puu! Bomba likapasuka, maji yakawamwagikia miguuni.

"Ni Benon huyo!" alifoka Muhindo, jirani yao wa kikundini. "Ametuuzia chuma kama karatasi. Leo atanijua, yeye na duka lake la Kasese!"

Mama Asmah alikuwa ameshatoa simu ampigie Benon. Lakini Fundi Fidèle wa mashine yao, mtu wa Butembo ng'ambo ya mpaka, aliinama akachokoa ndani ya bomba kwa bisibisi. Ukatoka ute mweusi wenye harufu ya yai viza, na chini yake chuma kilikuwa na vishimo tele.

"Ngojeni kwanza, bamama," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Chuma ya Benon iko muzuri. Hii ute ndiyo iko mubaya. Ni nyumba ya vijidudu. Beko ndani, banakula sukari ya kahawa, na chini yabo chuma inaoza. Mutu akimwaga dawa juu tu, bale ba ndani habakufe."

Kumbe mtafuna chuma asiye na jino ni vijidudu hao, na aliyewalisha ni Nabila mwenyewe. Angeweza kunyamaza, na Benon angebeba lawama.

"Mama, usimpigie Benon," alisema. "Ni mimi. Tangu msimu uliopita sijasugua." Kisha, kwa sauti ndogo, "Je, kazi ya bomba bado ni yangu?"

Mama alirudisha simu mfukoni, akamgeukia fundi. Saa zilikuwa zinakwenda.

Fidèle alikata kipande kilichooza, akaunga kwa mpira mgumu na vibano. Nabila akashika brashi. Alisugua bomba lililobaki, akaingia na ndani ya tangi, mpaka mabega yakamuwaka.

"Sugua, binti!" Muhindo alimtania. "Hata sufuria ya pilau ya harusi haijapata kuoshwa hivi!"

Ute ulipokwisha ndipo wakatia klorini, wakangoja kidogo, kisha wakasuuza vizuri, maana dawa nayo ikilala kwenye chuma huleta kutu.

Alasiri mashine ilinguruma. Maji yalipita, na kahawa iliyomenywa ikaanza kuteremka. Gunia la ishirini lilikwisha kabla ya Magharibi. Vigelegele vikapaa hadi barabarani!

"Na Benon je?" aliuliza mmoja.

"Nitampigia," alisema Muhindo, "nimwombe radhi kwa matusi ambayo hakuyasikia!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama Asmah alimvuta Nabila kando.

"Mwanangu, uharibifu hauji kwa kishindo. Unaanza mahali pasipoonekana, siku ile unapojiambia 'inatosha.' Usafi wa kweli ni wa ndani, na ukikosea, ukweli usemwe mapema, kabla hujamtia mwingine lawamani. Leo umefanya yote mawili."

Akamfuta tope shavuni.

"Uliniuliza kama kazi ya bomba bado ni yako. Ndiyo, ni yako. Na Ijumaa utamfundisha Muhindo."