Magitaa Kumi na Mawili Yenye Masikio

"Nyuzi zimelegea."

Maneno mawili tu kwenye simu, ishara ya dharura. Kiwembe aliyasoma akiwa juu ya pikipiki yake, Yamaha nyeusi, akilifuata lori la magendo kwa umbali wa magari manne. Aliliacha liende zake. Nyuzi zikilegea, hata lori la dhahabu husubiri.

Akabonyeza kifaa cha sikioni. "Kiwembe hapa."

"Nenda kiwanda cha magitaa," ilisema sauti kavu ya Mkuu wake wa idara ya usalama. "Unakijua."

Kama anakijua! Kilianzishwa na babu yake miaka sitini iliyopita, na sasa kinaongozwa na shangazi yake. Kiwembe alijifunza kutembea kwa kushikilia meza za mle ndani.

"Leo saa kumi wanazindua jina jipya," Mkuu aliendelea. "Magitaa kumi na mawili ya zawadi yanakwenda ofisi za mawaziri. Yule mshauri wa kigeni aliyekuja kuibadilisha sura kampuni ni jasusi. Ametia kinasa sauti ndani ya kila gitaa."

"Mkamateni."

"Kwa ushahidi gani? Wiki jana tulilifungua gitaa la sampuli. Chini ya tundu la sauti kuna waya mwembamba. Tuliugusa, kinasa kikaungua. Tulibaki na majivu. Kama hujapata kinasa kizima kufikia saa tisa, nakifunga kiwanda na kuyachoma yote."

Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

Yamaha ikanguruma.

Kuta za kiwanda, zilizokuwa za kijani tangu enzi za babu, zilikuwa zimepakwa rangi ya manjano ya kuumiza macho. Juu ya lango liliandikwa neno moja: VUMO. Ubao mzima wenye jina la babu ulikuwa umeegemezwa kwenye pipa la takataka.

Shangazi alikuwa amevaa aproni, penseli nyuma ya sikio, akipangusa gitaa la kumi na mbili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa bima wamekupa likizo?"

Ukoo mzima ulijua Kiwembe ni karani wa bima. Aliweka kidole midomoni, akamshika mkono shangazi yake hadi chumba cha mbao, akawasha mashine ya kuranda. Ikapiga kelele. Ndipo akamweleza yote sikioni.

Shangazi aliketi juu ya rundo la mbao. Uso ulimshuka.

"Aliyachukua kwa siku mbili, eti akachore nembo. Baba hakuruhusu gitaa lilale nje kabla halijauzwa, hata siku moja. Nikaona haya, nisionekane wa kizamani." Akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Nilitaka vijana wajue tupo. Yule mtu akanivika kilemba cha ukoka, nami nikakifunga vizuri kabisa."

"Mkuu wangu anataka kuyachoma na kukifunga kiwanda."

"Akachome kwake!" Machozi yalikauka papo hapo. "Na bastola hiyo kiunoni ndiyo ya bima?"

"Bima kubwa, Shangazi. Sikiliza, tundu la sauti haligusiki."

"Nani anagusa tundu? Gitaa lina mgongo. Sisi tunatumia gundi ya ngozi ya ng'ombe. Ikipata mvuke inaachia, ndiyo maana magitaa yetu yanafunguka na kutengenezwa hata baada ya miaka hamsini. Yule alibadilisha jina, rangi na lango. Gundi hakuuliza."

Walirudi kimya kimya. Kiwembe alikuwa na bastola ya Glock, darubini ya usiku na saa yenye kamera. Vyote havikufaa kitu. Kilichofaa ni birika la chai na kisu chembamba kuliko kadi ya simu.

Mvuke ukapanda. Kisu kikaingia kwenye mshono, kikatambaa. Shangazi hakuharakisha. Jasho lilimtoka Kiwembe, mwanamke aliyewahi kuruka kutoka kwenye ndege bila kupepesa jicho.

Mgongo wa gitaa ukaachia.

Kinasa kilikuwa mle, kikubwa kama kiberiti, taa yake ya kijani ikiwaka. Waya haukuguswa. Kiwembe akakipiga picha na kuituma.

Saa nane na dakika arobaini.

Mkuu akanong'ona sikioni: "Safi! Hicho hurusha sauti mita mia mbili tu. Mshauri yuko hapo nje, anavijaribu vinasa vyake."

Kiwembe alichungulia dirishani. Magari matatu yalikuwa yameegeshwa mtaani: la mkate, la samani na la chuo cha udereva. Akivamia moja, mengine yatatoka nduki. Alichukua penseli ya Shangazi, akaandika kwenye kipande cha mbao: *Ongea naye. Mtie hofu akimbie.* Kisha akatoka.

Shangazi alivuta kigoda. Akasogeza mdomo karibu na kinasa.

"Wewe. Ndiyo, wewe. Ni mimi mwenye kiwanda. Uliniambia jina la baba yangu linanuka vumbi. Vumbi hilo ni la mbao, nimelivuta tangu nikiwa mtoto na sijakohoa. Nimelifungua gitaa mgongo, nakitazama kidude chako hapa. Watu wa serikali wako mlangoni. Usipokimbia sasa hivi, nakufuata mwenyewe na kisu hiki!"

Gari la chuo cha udereva likaruka kutoka lilipoegeshwa, magurudumu yakilia. Mwanafunzi gani anaondoka namna ile?

Paa!

Risasi ya Kiwembe ikapasua tairi la nyuma. Gari likapanda ukingo na kugonga nguzo. Mshauri akachomoka, suti ya bei mbaya, mkono ukitafuta kitu kwenye koti. Teke moja, bastola yake ikaruka. La pili, akakaa chini. Pingu zikamaliza maneno.

Kwenye kiti cha gari, redio ya kupokelea bado iliongea: "Na rangi yako ya manjano mbaya!"

Kufikia saa kumi, kwa mabirika na visu vya mafundi wote, vinasa vyote vilikuwa ndani ya mkoba wa Kiwembe. Ua lilijaa vijana waliokuja kwenye uzinduzi. Mafundi walikuwa wamepanda ngazi na kung'oa VUMO. Shangazi, aproni mwilini, alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Kiwembe," Mkuu akasema, "hili ni jambo la siri. Mzuie huyo mama asiongee."

"Mkuu, wewe umewahi kumzuia shangazi yako?"

"Hiyo ni amri!"

Kiwembe akatoa kifaa sikioni, akakizima, akakitia mfukoni. Alitembea taratibu kuelekea langoni, mkoba begani.

"Wanangu," sauti ya Shangazi ikajaa ua zima, "nilidanganywa. Kabla hamjashika gitaa langu hata moja, nitawaambia nilivyodanganywa, kisha mtaamua wenyewe kama mnanunua."

Hakuna aliyeondoka, isipokuwa mwanamke mmoja aliyewasha Yamaha nyeusi na kulirudia lori lake la magendo.